Fahamu: Kebo ya faiba inayotoka nguzoni hadi nyumbani kwako

Ni nini?

Ni kipande cha mwisho cha mtandao wa faiba: kebo nyembamba inayotoka kwenye kisanduku cha nguzoni hadi kwa mteja. Ndani yake mara nyingi mna uzi mmoja tu wa kioo, wenye kipenyo cha mikroni 125.

Inaungwaje?

Njia ya kwanza ni kuyeyusha ncha mbili za kioo kwa cheche ya umeme hadi zishikane. Kiungo kizuri hupoteza mwanga chini ya desibeli 0.1.

Ya pili ni kiunganishi cha kuchomeka, aghalabu cha kijani, ambacho ncha yake imesuguliwa kwa mshazari wa digrii 8 ili kupunguza mwanga unaorudi ulikotoka. Huokoa muda, lakini hupoteza mwanga zaidi na hakivumilii vumbi. Chembe isiyoonekana kwa macho yatosha kuvuruga mawasiliano. Fundi asiyesafisha ncha kabla ya kuchomeka anamdhulumu mteja.

Kwa nini intaneti hukatika?

Kebo ikikunjwa mno kwenye kona ya ukuta, mwanga huvuja. Taa nyekundu ya LOS (ishara imepotea) kwenye kifaa chako cha intaneti ikiwaka, mwanga haukifikii. Kagua kama kebo imebanwa au imechomoka, ila usichungulie ncha yake: mwanga wa leza uliomo hauonekani, nao waweza kudhuru jicho.