Je, Wajua? Herufi Mbili Zilizotoka Boston

Je, wajua kwamba "OK", neno linaloeleweka karibu kila pembe ya dunia, lilianza kama utani wa wahariri wa magazeti? Chapisho lake la kwanza linalojulikana ni la tarehe 23 Machi 1839, katika gazeti la Boston Morning Post, Marekani. Wakati huo waandishi wa Boston walikuwa na mchezo wa kufupisha maneno baada ya kuyaharibu tahajia makusudi. "All correct", yaani yote ni sahihi, waliliandika "oll korrect", wakachukua herufi za mwanzo. Utamu wa mzaha uko hapo: herufi zinazotangaza kwamba kila kitu ni sahihi, zenyewe zimekosewa zote mbili.

Je, wajua kwamba OK ilikuwa na ndugu yake aliyetangulia? Ni O.W., kifupi cha "oll wright", mzaha wa namna ileile. Leo hakuna anayeitumia.

Kilichoiokoa OK ni siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren aligombea muhula wa pili. Alizaliwa Kinderhook, jimbo la New York, na wafuasi wake wakampa jina la Old Kinderhook, Mzee wa Kinderhook. Herufi zikaoana na ule utani wa Boston, vikaanzishwa vilabu vya O.K. vya kumpigia kampeni. Wapinzani nao hawakulala. Walieneza uvumi kwamba Andrew Jackson, rais aliyemtangulia Van Buren, hakujua kuandika, ndiyo maana alitia O.K. kwenye nyaraka akidhani ndiyo tahajia ya "all correct". Ulikuwa uzushi mtupu, lakini uliwafanya watu wa kambi zote mbili walitamke neno hilo kila siku. Van Buren aliangushwa na William Henry Harrison kwa kura 234 dhidi ya 60 za wajumbe wa uchaguzi. Neno lake likaendelea na safari.

Baadaye ikaja telegrafu, ambako kila herufi ilipigwa kwa mkono. Waendeshaji wake kwenye njia za reli walihitaji jibu fupi la kusema ujumbe umefika, na OK ilikuwa tayari.

Je, wajua kwamba kwa zaidi ya karne moja Wamarekani wenyewe walibishana juu ya asili ya neno hili? Rais Woodrow Wilson aliliandika "okeh", akiamini limetoka kwa Wachoctaw, wenyeji wa asili wa Amerika. Mwanaisimu David Dalby akaja mwishoni mwa miaka ya 1960 na hoja iliyotugusa sisi Waafrika: kwamba chanzo ni "waaw kay" ya Kiwolofu, maneno ya kukubali kwa mkazo, yaliyovushwa bahari na watu waliouzwa utumwani. Natamani ingethibitika. Lugha za Afrika Magharibi kweli ziliacha maneno Marekani, na watumwa hawakupewa magazeti ya kuandikia. Lakini ushahidi wenye tarehe ni ule wa Boston, uliofukuliwa na Allen Walker Read wa Chuo Kikuu cha Columbia, ambaye alipekua magazeti makuukuu na kuchapisha matokeo yake mwaka 1963 na 1964.

Je, wajua kwamba tahajia hiyo ya "okeh" imo pia katika historia ya muziki wa watu weusi? Kampuni ya Okeh ilianzishwa mwaka 1918 na Otto K. E. Heinemann. Soma herufi za mwanzo za jina lake. Mwaka 1920 ilimrekodi Mamie Smith akiimba "Crazy Blues". Santuri iliuzwa kwa wingi, na makampuni yakatambua kwamba Wamarekani weusi walikuwa soko yalilolipuuza.

Herufi hizo zimo pia katika jina la zizi la O.K. Corral, mjini Tombstone, Arizona. Lakini mapigano mashuhuri ya bastola yanayobeba jina hilo, ya tarehe 26 Oktoba 1881, hayakufanyika ndani yake. Yalipiganwa kwenye kiwanja chembamba kando ya nyumba ya mpiga picha, yakamalizika kwa takribani nusu dakika. Watu watatu walikufa.

Je, wajua kwamba mwanaanga Alan Shepard, Mmarekani wa kwanza kufika anga za juu mwaka 1961, hakusema "A-OK" kama inavyodaiwa? Aliyeieneza kauli hiyo ni msemaji wa NASA, John Powers.

Kitufe cha OK kwenye kompyuta nacho kina kisa. Andy Hertzfeld, mmoja wa waundaji wa Macintosh, amesimulia kwamba wenzao waliotengeneza kompyuta ya Lisa ya Apple awali waliandika "Do It", yaani "Fanya". Mtu mmoja aliyeitwa kuijaribu alikasirika, akauliza kwa nini mashine inamwita "dolt", mjinga. Nafasi kati ya maneno ilikuwa finyu, na I kubwa aliiona kama l ndogo. Kitufe kikabadilishwa.

Nguvu ya OK ni kwamba inakubali bila kusifu. Ukiulizwa pilau lilikuwaje ukajibu "lilikuwa okei", mpishi amekwishaelewa. Kiswahili kimegawa kazi hiyo vizuri zaidi: "sawa" ya kukubaliana, "haya" ya kufunga mazungumzo watu wainuke, "naam" na "abee" za kuitikia mwito. Mama akikuita kwa jina, "okei" haifai kabisa kuwa jibu.

Je, wajua kwamba ishara ya kuunganisha kidole gumba na cha shahada ni OK kwa Mmarekani, pesa kwa Mjapani, na tusi zito kwa Mbrazili? Chini ya maji, iwe Mafia au Mnemba, wapiga mbizi wote wanaielewa kwa maana moja: niko salama. Huko usithubutu kuinua kidole gumba kumaanisha mambo ni mazuri. Kwao maana yake ni "tupande juu", na mwenzako ataanza kupanda.