Fundi wa kinga, uwekee mzee kiti

Kijana kinga yake ikiharibika, anatembea kwa miguu. Mzee kinga yake ikiharibika, njo amekosa shamba, soko, hospitali na matanga ya wenzake. Kwa hiyo sisi wa sindika, leo tunaongea na mafundi wa kinga wa Buluo.

Wazee hawa tunawajua. Mwaka wa 2003 mpango wa départ volontaire ulianza, na wafanyakazi 10.655 wa Gécamines wakaacha kazi. Aliyekuwa na miaka 50 siku ile, leo amepita 70. Magoti yanauma, vumbi limekaa mu kifua, na feza ya moto kila siku haiko. Kinga njo imebaki.

Lakini akifika kwa fundi, mara nyingi anasimama juani, vijana wa makala wanapita mbele yake. Wao wana haraka, ni kweli. Lakini mzee hachoki kurudi kwa fundi mwema, na analeta kinga ya mtoto na ya mjukuu. Anza basi na kiti chini ya muti.

Pili, muulize mwili wake mbele ya kuuliza kinga. Kama mguu haupandi tena juu ya chuma cha katikati, kuna kinga ya chuma kilichoshuka. Wazee wengi wanakataa, wanasema ni kinga ya wamama. Usicheke. Mwambie: «Baba, hii inapandwa bila kuanguka», halafu umuache aijaribu pembeni, mbali na macho ya vijana. Na kiti ukishushe kidogo, miguu yote miwili ifike chini akisimama.

Tatu, milima. Likasi ni mji wa milima, kila mtu anajua. Kinga yenye meno 18 nyuma, ukiiwekea meno 22, nguvu ya kukanyaga inapungua karibu moja ya tano. Sheni itaomba kuongezwa kidogo, na kwenye njia ya sawasawa atakanyaga mara nyingi zaidi. Kwa mwenye kifua kibovu, ni faida.

Nne, freni. Mvua inaanza karibu na mwezi wa 11, na freni za chuma zikilowana hazikamati vizuri. Malori ya shaba hayangojei mzee. Usimrudishie kinga kama haujaijaribu wewe mwenyewe kwenye mutelemko, na uweke kioo chekundu nyuma.

Tano, feza. Sema bei mbele ya kufungua ufunguo. Chuma cha zamani ulichotoa, mrudishie mu mkono, asifikiri umemuibia. Akiomba deni mpaka pansio ifike, andika mu kaye, naye atie alama yake. Sisi tuliozoea kudai mishahara tunajua: deni lisiloandikwa linazaa ugomvi.

Vijana wengi wa kwetu wanaacha kuchimba, wanataka kufungua atelie kwa pompi moja na bakuli la maji. Vizuri sana. Wajue tu kwamba mu mugodi tulifundishwa kazi na wazee hawahawa. Leo hawaombi zawadi. Wanaomba kinga inayofika nyumbani, na fundi anayewaita «baba» bila kuwaongezea bei.