Sonona mbele ya kamera

Miaka ya 1850, daktari Hugh Welch Diamond alikuwa akiwapiga picha wagonjwa wa kike katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Surrey, Uingereza. Aliamini kwamba maradhi ya akili hujichora usoni na kwamba kamera ingemsaidia tabibu kuyatambua. Mwaka 1856 aliwasomea wanasayansi wa Royal Society makala kuhusu jambo hilo. Sura za wanawake wale tunazo hadi leo. Walichokuwa wakikihisi hakimo pichani.

Sonona ndivyo ilivyo. Mwenye nayo anaweza kwenda kazini, kusalimiana na majirani, akacheka harusini, na picha ikatoka nzuri tu. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kuwa watu wapatao milioni 280 wanaishi na maradhi haya, na wengi wao hata uwakodolee macho vipi hutaambulia kitu. Mpigapicha anayetaka kuieleza sonona kwa ukweli hana budi kuacha kuutegemea uso.

Mmarekani Edward Honaker alithubutu. Aliambiwa na madaktari kuwa ana sonona akiwa na miaka 19, na mwaka 2015 picha alizojipiga mwenyewe zilisambaa sana. Hazina rangi, ni nyeusi na nyeupe, na katika nyingi uso wake umefifia au umefichwa kabisa. Mbinu mojawapo ya kuufifisha uso wapigapicha wanaijua: kamera huwekwa kwenye stendi, ikaachwa ipokee mwanga kwa sekunde nzima au zaidi, na anayepigwa hutikisa kichwa huku kiwiliwili kimetulia tuli. Kola ya shati hutoka safi, hata mshono wake unaonekana. Juu yake, palipopaswa kuwa na macho na mdomo, pamebaki ukungu. Aliyewahi kuugua haelezwi zaidi. Mwili upo, umevaa, umeketi, ila mwenyewe hayupo.

Picha haishiki nafasi ya dawa wala ushauri nasaha. Hata hivyo, katika miaka ya 1980 Waingereza Jo Spence na Rosy Martin walionyesha kwamba kamera inaweza kuingia ndani ya mazungumzo ya uponyaji. Walipokezana: mmoja akivaa mavazi ya zamani na kuigiza kumbukumbu iliyomuumiza, mwenzake akipiga. Spence alifika hadi kujivika uhusika wa mama yake.

Afrika Kusini, Tsoku Maela alijigeuzia kamera baada ya kuugua sonona na kutengeneza mfululizo wa Abstract Peaces, wenye mandhari za kindoto. Kazi yake ni nzito maradufu, maana huko, kama kwetu, wapo wanaoshikilia kwamba sonona ni ugonjwa wa Wazungu, na kijana mweusi akilalamika huambiwa ajikaze. Yeye kajiweka mwenyewe katikati ya picha, na anayeyashikilia hayo inambidi aanze kwa kumtazama yeye.