Breki za gari la familia: Unachoweza kukagua nyumbani na unachopaswa kumwachia fundi

WENYE magari wanaoishi Magongo, eneo la Changamwe mjini Mombasa, wana sababu nzuri ya kuzitazama breki zao kwa makini. Barabara ya Magongo hutumiwa kwa pamoja na matrela yanayohudumu bandarini, matatu, tuktuk na bodaboda, na dereva hulazimika kufunga breki mara nyingi katika safari fupi. Isitoshe, hewa ya Pwani ina unyevu na chumvi, mambo mawili yanayoharakisha kutu.

Gari kubwa la familia, mathani wa Toyota RAV4, Nissan X-Trail au Honda CR-V, huwa na uzito wa takriban kilo 1,500 kabla ya abiria na mizigo kupanda. Mwendo ukiongezeka maradufu, kazi ya breki huongezeka mara nne. Magari mengi ya aina hii huingia nchini yakiwa yametumika Japani, na kwa kawaida kanuni za Kenya hutaka yasizidi umri wa miaka minane. Mnunuzi hajui breki zilitunzwaje huko zilikotoka, kwa hivyo hana budi kuzikagua.

Ukikanyaga pedeli, nguvu ya mguu husukuma mafuta ya breki kutoka kwa masta silinda, kupitia mirija, hadi kwenye kalipa ya kila gurudumu. Humo pistoni huzisukuma pedi nazo zikaibana diski. Baadhi ya magari hutumia dramu kwenye magurudumu ya nyuma. Hitilafu yoyote katika msururu huu huwa na dalili yake.

Mlio mwembamba unaosikika ukifunga breki mara nyingi hutoka kwa kibati cha tahadhari kilichowekwa kwenye pedi ili kukujulisha kwamba inakaribia kwisha. Sauti nzito ya chuma kukwaruza chuma ina maana kwamba imekwisha, na sasa diski inaliwa. Hata hivyo, mkwaruzo unaosikika asubuhi baada ya mvua, kisha ukatoweka baada ya kufunga breki mara chache, kwa kawaida ni kutu nyepesi tu.

Usukani ukitikisika unapofunga breki, huenda unene wa diski haulingani pande zote. Gari likivuta upande mmoja, pima kwanza upepo wa magurudumu. Ukiwa sawa, shuku kalipa iliyoganda, hasa ikiwa gurudumu moja linatoa joto jingi kuliko mengine.

Pedeli nayo hupimwa gari likiwa limesimama. Zima injini, ikanyage mara tano hivi, kisha ishikilie kwa nguvu. Ikizama polepole, mafuta yanavuja mahali fulani au masta silinda imechakaa. Ikiwa laini kama sifongo, huenda kuna hewa ndani ya mirija. Ukiwa ungali umeikanyaga, washa injini: yapaswa kushuka kidogo. Isiposhuka, busta inayousaidia mguu haifanyi kazi ipasavyo.

Tazama pia kikopo cha mafuta ya breki. Pedi zinapolika, mafuta hupungua taratibu. Yakipungua ghafla, yanavuja. Wenye magari wengi hujaza tu na kuendelea na safari, jambo linaloficha ugonjwa bila kuuponya. Mafuta haya hufyonza unyevu wa hewani. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi zisizopungua 230 za Selsiasi, lakini yakishafyonza maji kiwango hicho chaweza kushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na pedeli huenda hadi chini bila gari kusimama. Ndiyo sababu inashauriwa yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Kamwe usiongeze maji wala mafuta ya injini, kwani mafuta ya injini huvimbisha na kuharibu mipira ya breki.

Kazi ambayo mwenye gari makini anaweza kuifanya nyumbani ni kubadilisha pedi za mbele. Chagua mahali tambarare na pagumu. Ikiwa ua wako ni wa mchanga, weka ubao mpana na imara chini ya jeki. Funga breki ya mkono, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe makubwa, na ulegeze nati kabla ya kuinua gari. Likishainuliwa, liweke juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake haiaminiki, na wengi wamejeruhiwa kwa kuitegemea.

Pima pedi zote mbili, kwani ile ya ndani huweza kulika zaidi bila kuonekana. Ikibaki milimita tatu, ibadilishe. Diski nayo huwa imeandikwa unene wake wa mwisho, na ikifika hapo haifai tena. Unapoifungua kalipa, ifunge kwa waya isining'inie kwenye mpira wake. Irudishe pistoni ndani polepole huku ukiangalia mafuta yasifurike kikopo. Usipulize vumbi, kwani pedi za zamani huenda zikawa na asbesto, inayosababisha maradhi ya mapafu. Lifute kwa kitambaa chenye maji. Badilisha pedi za pande zote mbili kwa pamoja, na grisi isiguse pedi wala diski.

Kabla ya kuondoa gari, kanyaga pedeli mara kadhaa hadi iwe ngumu. Hatua hii ikisahaulika, mkanyago wa kwanza barabarani hautasimamisha chochote. Kisha jaribu breki kwa mwendo wa chini, mahali pasipo na watu.

Lakini kuna mambo ya kumwachia fundi mwenye ujuzi: mafuta yanayovuja, mrija ulioliwa na kutu, pedeli iliyobaki laini, taa ya ABS isiyozimika, na breki ya mkono ya umeme, ambayo huhitaji kompyuta au utaratibu maalumu. Gari linalovuja mafuta ya breki, lenye mrija ulioliwa na kutu au lenye pedeli iliyobaki laini lisiendeshwe, bali livutwe hadi gereji. Ukatae pia fundi anayependekeza kuziba mrija wa gurudumu moja ili ufike nyumbani. Gari hilo litavuta upande mmoja siku utakapolazimika kusimama ghafla, na huenda lisisimame kwa wakati.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa breki, huenda kitakachogharimika kisiwe fedha tu bali maisha ya waliomo garini na ya mpita njia.