Baiskeli za Makala za Lubumbashi
Fundi wa kwetu hapa Lubumbashi akiletewa baiskeli mpya, kwanza huitilia shaka. Karia ya dukani haiwezi magunia ya makala, yaani makaa. Anaing'oa, anachomelea nyingine ya nondo, anaimarisha uma wa mbele, kisha anagonga spoku moja moja akisikiliza mlio. Usukani hufungiwa fimbo, maana mzigo ukishapanda hakuna nafasi ya kuketi. Baiskeli inasukumwa kutoka msituni hadi mjini. Itazameni filamu ya Makala ya Emmanuel Gras, iliyotuzwa Cannes mwaka 2017: inamfuata mchoma makala akisukuma hivyo hadi Kolwezi.

Mimi nazipenda fremu hizi za kizamani, zenye bomba la juu, kwa sababu kila kipande kinatengenezeka. Watoto hujifunzia hizo hizo: mguu mmoja unapenya chini ya bomba, mwili umepinda pembeni. Wadogo zaidi wana magari ya waya yenye usukani mrefu na magurudumu ya ndala zilizochakaa. Mwenye ufundi hutengeneza hata magurudumu ya mbele yanayokata kona kweli. Wasukuma mizigo wa Goma nao wana chukudu, skuta ya mbao ya kubebea mizigo, na hiyo wanaipanda wenyewe kwenye mteremko. Mji ule umeijengea chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu. Baiskeli yetu ya makala nayo inastahili sanamu.