Sabtaito au sauti ya DJ: muvi ya Kijapani inafikaje Singida?

Wanachuo wengi tukisikia mtu anaangalia "muvi ya DJ" tunatabasamu kwa dharau kidogo. Sisi ni watu wa sabtaito bwana. Basi tuchukue muvi moja ngumu tuone.

Muvi yenyewe ni Kamen Rider × Super Sentai: Super Hero Taisen ya kampuni ya Toei, iliyotoka Japani Aprili 2012. Kama umekua na Power Rangers, nusu yake unaijua bila kujua: kuanzia 1993 Wamarekani walichukua vipande vya mapigano vya Super Sentai wakaweka waigizaji wao katikati. Kamen Rider ilianza 1971, Super Sentai 1975, na zote zina mkono wa mchoraji mmoja, Shotaro Ishinomori. Humu zinagonganishwa: Captain Marvelous anawawinda Rider, Decade anawawinda Sentai. Mashujaa wa miaka 40 wanapita mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na mkao wake. Mjapani aliyekua nao anashangilia. Wewe uliyekaa kwenye banda la video Singida mjini unaona watu wa rangirangi wanarushana.

Kwa hiyo lugha ni nusu tu ya shida. Nusu nyingine ni kumbukumbu.

Mashabiki wa Vietnam waliitatua kwa maandishi. Kazi ya namna hiyo hugawanwa: mmoja anatafsiri, mwingine anapanga muda, mwingine anakagua, mara nyingi kwa programu ya bure kama Aegisub. Faili lenyewe ni jepesi ajabu: muda wa kuanza, muda wa kuisha, maneno. Mistari miwili, sekunde chache, imepita. Pale kumbukumbu inapokosekana, wanaandika dokezo juu ya skrini kwamba huyu ni nani na katoka tamthilia gani. Jaribu sasa kwa Kiswahili. "Hatutawasamehe" ni sentensi nzima ndani ya neno moja la herufi 14. Nafasi umeokoa, ila jicho halina pa kupumzika.

DJ anafanya kinyume. Anapunguza sauti ya muvi, anashika maiki, na dokezo analitia mdomoni: "Huyu mnayemwona ndo mkongwe wao, hao wengine wote wadogo zake." Ndivyo alivyovuma Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, ambaye sauti yake ilisambaa nchini kwa kaseti na baadaye DVD. Mtafiti wa Kijerumani, Matthias Krings, aliandika makala kuhusu kazi hiyo, na kichwa chake kinazungumzia kugeuza wali kuwa pilau. Viungo kweli vipo. Nimewahi kusikia jambazi wa kwenye muvi akiambiwa atachinjwa kama kuku wa Singida, na banda zima likalipuka.

Hapo mtu wa fasihi atasema DJ anapotosha. Anaongeza, sikatai. Lakini Wajapani wenyewe, enzi za sinema zisizo na sauti, walikuwa na benshi, msimulizi aliyekaa kando ya skrini akieleza na kuigiza sauti zote, na watu walilipa kiingilio kwa ajili yake. Vietnam nako wana thuyết minh: sauti moja inawasemea waigizaji wote. Kumbe hata huko maandishi hayakumtosha kila mtu.

Bibi yangu kule Iramba anasoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Mpe sabtaito, atapata neno la kwanza tu. Mpe DJ, kesho yake anakusimulia muvi nzima kwa Kinyiramba. Upande wa pili kuna mwenzetu darasani ambaye ni kiziwi. DJ kwake ni picha ya watu wanaofungua midomo. Anaangalia muvi zenye sabtaito za Kiingereza, lugha yake ya tatu baada ya ya alama na Kiswahili, kwa sababu za Kiswahili hapati.

Kisheria wote, DJ na shabiki wa sabtaito, wako mtumbwi mmoja: Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuruhusu tafsiri. Ila muvi fupi za wanachuo wetu ni mali yao, hakuna wa kumwomba ruhusa Tokyo. Zilizooneshwa ukumbini muhula uliopita zilikuwa nne. Hakuna hata moja iliyokuwa na sabtaito za Kiswahili, na faili la muvi ya dakika kumi mtu analimaliza jioni moja.