Moto Unaoanzia Nyuma ya Plasta

Nyumba ikiteketea usiku, taarifa ya kesho yake huwa fupi: chanzo ni hitilafu ya umeme. Watu hutoa pole, wakachanga kilichopo, na mjadala ukaishia hapo kama vile hakuna mkono wa mtu uliohusika. Lakini moto wa aina hii mara nyingi huandaliwa siku nyumba inajengwa, pale waya mmoja ulipokutana na mwingine, ukafungwa kwa haraka, kisha plasta ikapita juu. Meni swichi ya kawaida haina uwezo wa kuiona kasoro hiyo. Wa kuiona ni mtu, tena kabla ukuta haujafunikwa.

Wengi tunaamini sakiti breka itatuokoa. Breka hupima kiasi cha umeme unaopita na kuukata unapozidi kiwango, na kwa kazi hiyo huzuia waya mzima usichemke. Jointi iliyolegea, hata hivyo, haizidishi umeme. Huuzuia kidogo na kugeuza sehemu yake kuwa joto. Chukua birika linalovuta ampea 10. Likipata umeme wake kupitia jointi yenye ukinzani wa nusu omu, joto linalozaliwa pale ni wati 50, nguvu ileile ya kifaa anachotumia fundi redio kuyeyushia risasi, na lote limebanana mahali padogo kuliko ncha ya kidole. Birika hupoteza volti 5 tu kati ya 230, na maji huchemka kama siku zote. Breka ya ampea 20 haioni ubaya wowote. Hata kile kifaa kinachokata umeme unaovuja kwenda ardhini hukaa kimya, maana hakuna kinachovuja. Wakati huo ganda la plastiki la waya, ambalo kwa kawaida limetengenezwa kuvumilia nyuzi 70 za Selisiasi, linakauka na kupasuka. Shaba inaungua juu na kushika uchafu mweusi, ukinzani unaongezeka, na joto nalo linaongezeka. Mbao ya dari iliyo jirani inababuka kidogo kidogo. Ndiyo maana kusema “nyumba yangu ina miaka kumi na haijawahi kuungua” si kinga. Jointi mbovu huzeeka, na kila mwaka hubebeshwa mzigo zaidi.

Ushahidi wa wazi uko Marekani. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, bei ya shaba ilipopanda, nyumba nyingi huko ziliwekewa nyaya za alumini. Tatizo halikuwa sana kwenye waya ulionyooka ndani ya ukuta, bali kwenye soketi na swichi, kwa sababu alumini hutanuka na kusinyaa zaidi kuliko shaba na maungio hulegea. Tume ya serikali ya usalama wa bidhaa iliona kwamba nyumba zilizowekewa nyaya hizo kabla ya 1972 zina uwezekano mara 55 zaidi ya nyumba za shaba wa kuwa na maungio yaliyofikia hali ya kuweza kuwasha moto. Wala hili si janga la maskini peke yao. Tarehe 21 Novemba 1980 hoteli ya kifahari ya MGM Grand, Las Vegas, iliwaka na watu 85 wakafa, wengi wao kwa moshi katika ghorofa za juu. Moto ulianzia ndani ya ukuta wa mkahawa wa chini, kwenye nyaya za kabati la kuonyeshea keki zilizofungwa vibaya.

Tanzania hatujakosa kanuni. Kazi ya wayaringi inatakiwa kufanywa na mtu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na anayeomba kuunganishiwa umeme hupitia mkandarasi wa namna hiyo. Kasoro iko kwenye mpangilio wa kazi. Anayekuja kufunga mita ya LUKU hukuta kuta zimepigwa plasta na dari ya jipsamu imefungwa. Ataona soketi, meni swichi na waya wa ethi, basi. Kilichomo ndani anakijua fundi tu, na kama mwenye leseni aligonga muhuri bila kufika, karatasi inashuhudia kitu ambacho aliyeisaini hakukiona.

Wapo watakaosema lawama ni ya shirika la umeme, TANESCO, maana umeme hukatika na kurudi kwa nguvu. Malalamiko hayo yana msingi, hasa kwa wenye friji na televisheni. Lakini volti zikipanda kutoka 230 hadi 260, joto katika jointi ya birika letu huongezeka kwa robo na ushei. Jointi iliyokazwa vizuri huvumilia ongezeko hilo bila shida. Iliyolegea ndiyo huvuka mpaka. Wengine watasema gharama, na hapa nawaelewa kabisa, kwani anayejenga kwa kudunduliza huhesabu hata misumari. Ila kuikaza skrubu sawasawa hakuongezi bei ya waya, na kupiga picha kila boksi kwa simu kabla plasta haijapigwa hakumgharimu mwenye nyumba kitu. Kilicho ghali ni kubomoa ukuta baadaye.

Suala hili lina haraka kwa sababu mzigo unabadilika. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, na majiko ya umeme ni sehemu ya safari hiyo. Ni lengo jema, kwa mapafu ya akina mama na kwa misitu. Lakini chumba kilichofungiwa nyaya za taa na redio sasa kinapewa jiko, pasi na friji kupitia ekstensheni moja. Bafuni kuna hita ya kuogea ya wati 5,500, inayovuta ampea 24 hivi. Breka ikikata mara mbili, fundi huletwa aweke kubwa zaidi, na tangu siku hiyo waya hauna mlinzi.

Kwa hiyo ukaguzi usogezwe mbele: mkandarasi afike wakati mabomba na maboksi yako wazi, picha ziambatishwe kwenye maombi ya umeme, na jina lake na namba ya leseni viandikwe ndani ya mfuniko wa meni swichi. Kwa nyumba za kupanga ukaguzi urudiwe. England, tangu sheria ya 2020, mwenye nyumba ya kupangisha analazimika kukagua nyaya angalau kila baada ya miaka mitano na kumpa mpangaji nakala ya ripoti. Mpangaji wa Manzese au Mbagala hana ruhusa ya kufungua soketi ya chumba anacholala na wanawe; mwenye ruhusa hiyo ni anayepokea kodi, na gharama ya ukaguzi itoke kwake.